Kofia ya Chuma, Nguo Yake na Habari Zake

Siku moja ya likizo tulikwenda Butiama kumtazama mama mmoja mzee, jamaa ya mwalimu mwenzetu. Tulipokwisha kupewa viti chini ya mwembe, tuliona kuku wakinywa maji katika chombo cha duara chenye ukingo mpana, kilichojaa kutu. Tulidhani ni karai kuukuu. Lakini mmoja wetu alipokiinua ili akitie maji mengine, aliona katikati yake tundu la parafujo lililozibwa kwa kipande cha mpira, na kando zake mbili vishikizo vya chuma vya ukanda wa kidevu. Ndipo tulipotambua ya kuwa si karai. Ni kofia ya chuma ya jeshi la Kiingereza, ya namna iliyovaliwa katika Vita Kuu ya Pili, tangu 1939 hata 1945.

Tukamwuliza yule mama, "Shikamoo mama, kofia hii ilikuwa ya nani?"

Akajibu, "Marahaba, wanangu. Ilikuwa ya baba yangu. Alirudi nayo kutoka vita vya Hitla."

"Alipigana wapi, mama?"

Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Alikuwa akiyataja majina ya mahali, lakini sisi tulikuwa watoto, hatukuyashika. Neno moja nalikumbuka. Kofia hiyo ilikuwa na nguo yake, kitambaa cha gunia, na juu yake wavu kama wavu wa dagaa. Baba alisema kofia iliyo uchi humwita adui. Mama yetu alikitumia kitambaa kile jikoni hata kikaisha."

Tulirudi nyumbani tukiyafikiri maneno hayo. Twaona ya kuwa kila kofia ya vita ina vitu vitatu: chuma chake, kitambaa kilichoifunika, na habari za mtu aliyeivaa. Chuma hudumu miaka mia na zaidi. Kitambaa huliwa na panya na mchwa, au huoza kwa unyevu. Lakini kilicho cha kwanza kupotea ni habari, kwa kuwa hizo hufa pamoja na mwenyewe. Basi sisi hukiokota kile kisichokuwa na haraka ya kupotea, tukakiacha kile kinachopotea leo. Katika makala hii twataka kueleza historia ya vitu hivyo vitatu, hasa kwa watu wa Musoma, Bunda na Butiama, ambao wengi wao wana jamaa waliotumikia jeshini.

Hapo kale, vazi la kichwa la mpiganaji lilikuwa la kuonekana. Wamasai walivaa manyoya ya shingo ya simba, nao Wakurya walijipamba kwa manyoya ya mbuni, kama wachezaji wa ngoma zao wavaavyo hata sasa. Mpiganaji alitaka adui amwone tangu mbali, amdhani kuwa mrefu kuliko alivyo, na moyo wake uingiwe na hofu. Mambo hayo hayakuwa ya Waafrika tu. Wasomaji wa Biblia wanalijua neno chapeo, ambalo asili yake ni Kireno na maana yake ni kofia. Goliathi alivaa chapeo ya shaba. Shaba ing'aayo juani si vazi la mtu anayejificha.

Mambo yaligeuka zilipokuja bunduki zenye kufika mbali, na baruti isiyotoa moshi. Tangu hapo, mtu aliyeonekana ndiye aliyekufa. Waingereza walipopigana na Wazulu mwaka 1879 walivaa kofia nyeupe za jua, na weupe ule uliwaponza, hata askari wakazipaka matope au kuzitia rangi kwa maji ya chai. Baadaye jeshi zima likapewa nguo za kaki. Neno kaki limetoka katika lugha ya Kiajemi, na maana yake ni rangi ya mavumbi. Hapo ndipo ilipoanza safari ndefu ya kuificha kofia.

Katika nchi yetu, askari wa Wadachi walikuwa na tarbushi nyekundu. Lakini walipokwenda vitani walivaa kofia ya umbo la tarbushi iliyofunikwa kwa kitambaa cha kaki, chenye pazia la kukinga kisogo na jua, na mbele yake palikuwa na alama ya tai. Askari wa Kiingereza wa King's African Rifles, ambao watu wengi waliwaita Keya, nao walikuwa na tarbushi za gwaride, na vitani walivaa kofia za kaki zenye pazia kama hilo. Basi kifuniko cha kuficha kofia si jambo geni kwetu. Babu zetu walikivaa kabla kofia za chuma hazijabuniwa.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, moto wake uliwaka karibu nasi mapema. Mwezi wa Septemba jeshi la Wadachi lilivuka mpaka likaingia Kisii, na tarehe 12 wakapigana huko na Keya. Mwezi wa Novemba meli ya Waingereza iitwayo Sybil iligonga mwamba karibu na Majita, ikabaki pale hata walipokuja kuitwaa tena mwezi wa Mei 1915. Mwezi wa Januari 1915 Waingereza waliitwaa Shirati. Na katikati ya mwaka 1917 kikosi cha Wadachi chini ya Kapteni Naumann kilizunguka nyuma ya adui zake kikafika Ikoma, mashariki ya Bunda, kikapigana huko na askari wa Kibelgiji.

Katika vita hivyo vyote hatusikii habari za kofia ya chuma. Sababu yake ni nini? Kofia hizo zilibuniwa kwa ajili ya mahandaki ya Ulaya. Huko watu walikaa ndani ya mashimo, na mizinga ilipasukia hewani juu yao, ikawamwagia vipande vya chuma vichwani. Wafaransa walitangulia kuwapa askari wao kofia ya Adrian mwaka 1915. Mwaka huohuo Waingereza walipata kofia ya John Brodie, iliyofanana na bakuli pana lililofudikizwa, iliyogongwa kwa bamba moja la chuma. Wadachi walifuata mwanzo wa 1916 kwa kofia iliyoshuka hata kufunika masikio na shingo; aliyeibuni ni Friedrich Schwerd wa Hannover. Lakini majeshi ya Wadachi ya huku yalikwisha kuzungukwa na manowari za Kiingereza. Katika miaka yote ya vita ni merikebu mbili tu zilizopenya kuwaletea shehena, moja mwezi wa Aprili 1915, na nyingine mwezi wa Machi 1916. Chuma kipya hakikuwafikia. Walijifumia nguo wenyewe, na Jenerali von Lettow-Vorbeck amesimulia jinsi walivyozitia rangi itokayo katika mimea ya nchi, rangi ya manjano na kahawia isiyoonekana upesi katika nyasi wala porini.

Tena, yatupasa kuwakumbuka wale ambao hawakupewa kofia yoyote. Wapagazi walichukua chakula na risasi za majeshi yote mawili, na walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa, kuhara na homa. Jina la Kariakoo katika Dar es Salaam ni ukumbusho wao, maana limetokana na jina la Kiingereza la jeshi la wapagazi. Mpagazi alikuwa na ngata tu kichwani, duara la majani au matambara, la kupunguza uchungu wa mzigo. Mkusanyaji wa kofia za vita akiweka rafuni mwake kofia ya jemadari na kofia ya askari, lakini asiweke ngata, historia yake imepungua nusu nzima. Lakini ni nani aliyeweka akiba ya ngata?

Huko Ulaya, kofia ya chuma ilipokwisha kupatikana, lilizuka tatizo jipya: iling'aa. Mvua ikiipiga humeta, na ukingo wake huonyesha mstari ulionyoka ambao porini haupo. Waingereza wakaishonea vifuniko vya gunia. Wafaransa walikwisha kuunda mwaka 1915 kikosi cha wachoraji ambao kazi yao ilikuwa kuficha mizinga na watu kwa rangi. Mwezi wa Julai 1918 Wadachi waliamuru kofia zipakwe mabaka ya kijani, manjano na kahawia, yaliyotengwa kwa mistari myeusi yenye unene wa kidole. Katika vita vya pili Wamarekani walibuni kifuniko chenye nyuso mbili, upande mmoja wa kijani kwa msituni, na upande mwingine wa kahawia kwa pwani. Na kikakatwa vijitundu vya kuchomekea majani. Kifuniko huvishwa kofia kama foronya ivishwavyo mto. Faida yake si kuficha tu. Huzuia mng'ao, hupunguza joto la jua juu ya chuma, na hutuliza mlio wa matawi yanapoikwaruza kofia. Yule mzee wa Butiama aliyajumlisha hayo yote kwa maneno machache: kofia iliyo uchi humwita adui.

Katika Vita Kuu ya Pili, Watanganyika walikwenda mbali. Batalioni ya kwanza ya Keya wa Sita ilipigana Colito katika Ethiopia tarehe 19 Mei 1941, kisha ikapelekwa Madagascar mwaka 1942. Batalioni za 26 na 36 za Tanganyika zilikuwamo katika Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, iliyoshuka bonde la Kabaw katika Burma wakati wa masika ya 1944, ikipita matope na malaria, hata mwanzo wa Desemba ikautwaa mji wa Kalewa kwenye mto Chindwin. Askari wetu wa Burma walijulikana zaidi kwa kofia zao za kitambaa kizito zenye ukingo mpana kuliko kwa kofia za chuma, maana msituni mvua ya kila siku ilikuwa adui sawa na risasi. Kwa hiyo mtu akikuta kofia ya chuma katika nyumba ya mzee wa Keya, asiseme upesi, "Hii ilitoka Burma." Pengine ilitoka Ethiopia, au kambini, au aliipata siku ya mwisho. Mwenyewe ndiye aliyejua.

Miongoni mwa vijana walioingia Keya wakati ule alikuwamo David Musuguri, mzaliwa wa Butiama, aliyejiunga mwaka 1942. Maisha yake yalishika historia yote ya jeshi letu mkononi. Keya wa Sita wakawa Tanganyika Rifles mwaka 1961; wakaasi tarehe 20 Januari 1964 katika kambi iliyoitwa Colito kwa kuvikumbuka vile vita vya Ethiopia, nayo sasa yaitwa Lugalo; jeshi hilo likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Musuguri alipewa kuiongoza Divisheni ya 20, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Alikuwa Mkuu wa Majeshi tangu 1980 hata 1988, akafariki mwezi wa Oktoba 2024, akiwa na umri wa miaka 104. Habari za mtu mkubwa kama huyo huandikwa. Lakini askari wa kawaida wa kizazi chake, nani aliwaandika? Na wale waliokwenda Kagera wakiwa vijana, leo wamekuwa wazee wenye mvi. Yaliyowapata watu wa 1945 sasa yanawafikia watu wa 1979.

Huenda msomaji atauliza, "Kukusanya makofia kuna faida gani? Si mchezo wa matajiri?" Ni kweli, katika Ulaya na Marekani wako watu wengi wanunuao kofia za vita kwa fedha nyingi. Nao wamejifunza jambo la ajabu kidogo, ya kwamba mara nyingi kitambaa cha asili chenye mabaka hupata bei kubwa kupita kofia yenyewe, kwa kuwa vyuma vilivyosalia ni vingi, na nguo zilizosalia ni chache. Kwa sababu hiyo wadanganyifu wameshona vitambaa vipya, wakavichakaza kwa chai na jua, wakaviuza kama vya zamani. Kinga ya mnunuzi ni habari za kitu: kilivaliwa na nani, kilitoka wapi, kimepita mikononi mwa nani. Kwa hiyo hata sokoni habari ndiyo huthibitisha kitambaa na chuma.

Lakini faida haikomi katika fedha. Mwaka 1917 Wamarekani walipoingia vitani bila kofia ya kwao wenyewe, walimwita Bashford Dean, mtunzaji wa silaha za kale katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Mtu huyo alikuwa ametumia miaka mingi akipanga na kusoma chapeo za mashujaa wa karne zilizopita. Akazitumia kubuni kofia mpya za kuokoa vichwa vya vijana. Vitu ambavyo wengine waliviona mapambo ya kale vilikuwa shule kwake.

Sasa, wasomaji, yafaa tuseme waziwazi mambo mawili ya hatari, ili mtu asije akatiwa mashakani kwa ajili ya makala yetu.

La kwanza ni sheria. Katika Tanzania raia haruhusiwi kuvaa wala kuwa na sare za jeshi bila idhini, na vazi la mabaka ndilo lililo mbele katika makatazo hayo. Mwezi wa Agosti 2023 Jeshi la Wananchi lilitoa siku saba kwa raia wenye mavazi ya kijeshi, au yanayofanana nayo, wayasalimishe. Basi asidhani mtu kwamba aweza kujaza sanduku lake vifuniko vya mabaka kama afanyavyo mkusanyaji wa Ulaya. Mwenye kitu cha marehemu baba yake na akione kuwa amana. Aende kwa serikali ya kijiji au polisi, aeleze alivyokipata, aombe maelekezo. Mahali pa haki pa vitu hivyo ni makumbusho, ambapo mtoto wa kila mtu aweza kuviona.

La pili ni hatari ya roho. Vyuma vya vita si kofia tu. Mwezi wa Novemba 2017, wilayani Ngara katika mkoa wa Kagera, mtoto alichukua kitu akidhani ni chuma chakavu, akaenda nacho shuleni. Kumbe ni bomu la mkono, likalipuka, na wanafunzi wakapoteza maisha. Walimu wenzetu, tuwafundishe watoto bila kuchoka: chuma usichokijua usikiguse, usikipige, usikibebe, kimbia ukamwite mtu mzima.

Kwa hiyo twashauri kukusanya kwa utaratibu uliogeuzwa. Kwanza yakusanywe maneno, kisha kitambaa, na mwisho chuma. Maneno hayahitaji kibali cha jeshi wala fedha nyingi. Yahitaji daftari, kalamu na adabu ya kukaa chini ya mti ukamsikiliza mzee. Aulizwe jina lake kamili, mwaka alioingia, kambi aliyofundishiwa, majina ya mahali alipopita hata kama atayatamka kwa namna yake, rafiki aliyelala naye hema moja, alikula nini, alivaa nini kichwani. Aulizwe pia mkewe na watoto wake, maana wao waliongoja wana vita vyao. Mambo yasiyofaa kutangazwa na yahifadhiwe kwa siri. Wenye simu ya kunasa sauti na wanase, mzee akiridhia.

Kitambaa kikipatikana kihalali kisifuliwe wala kukunjwakunjwa. Kilazwe mahali pakavu, mbali na jua, wadudu na panya. Chuma kisisuguliwe kwa mchanga wala kupakwa rangi mpya, maana ndani ya ukingo hugongwa herufi za kiwanda na mwaka, na msasa huzifuta. Cheti cha maelezo kiandikwe kwenye karatasi, kamwe si juu ya kitu chenyewe.

Butiama pana Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999. Waendao huko kutoka shule za Musoma na Bunda hutazama maisha ya mtu mmoja mkubwa, na ni vema. Twatamani siku moja waone pia, kwa idhini ya wenye mamlaka, rafu ndogo ya askari wa Mara: tarbushi, ngata, kofia ya ukingo mpana, kofia ya chuma, na chini ya kila kimoja jina la mtu na kijiji chake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na sisi twaongeza ya kwamba mtu naye hupotea vivyo hivyo.

Tulirudi tena kwa yule mama baada ya majuma mawili, tukiwa na sufuria ndogo kwa ajili ya kuku wake. Tuliifuta kofia kwa kitambaa kikavu, tukatafuta mwaka wake ndani ya ukingo. Tarakimu mbili za kwanza zilisomeka. Mbili za mwisho zimeliwa na kutu. Mjukuu wake akaahidi kuipeleka habari yake kwa mtendaji wa kijiji. Kisha tukafungua daftari, tukaandika yote ambayo mama aliyakumbuka juu ya baba yake. Hayakuzidi mistari saba. Alituomba tumsomee, tukamsomea. Akasema, "Someni tena, mjukuu wangu asikie."

Basi, walimu wenzetu, kabla ya kufunga shule safari hii, wapeni wanafunzi swali moja la kwenda nalo nyumbani: "Nani katika ukoo wetu alikwenda vitani, na alituambia nini?" Wakileta mistari saba kila mmoja, darasa moja tu litakuwa limekusanya hazina ambayo kutu haiwezi kuila.